Zanzibar na Maskati: masaa matano au miaka ishirini na miwili?



Mwaka 2023 nilikuwa kwenye harusi moja hapa Maskati. Tumekaa upande wa wanaume tunangojea chakula, na kijana mmoja mzaliwa wa huku akawa anatuambia kwamba anajitayarisha kwenda Unguja kwa mara ya kwanza, yeye na mkewe. Akauliza, hivi kutoka hapa mpaka Zanzibar ni masafa gani? Mwenzake akatoa simu, hata dakika haikupita akatusomea jibu: kilomita 3,900 hivi, masaa matano na kidogo kwa ndege ya moja kwa moja. Ami yangu, ambaye alikuwa kakaa pembeni na bakora yake, akasema, "Mie ilinichukua miaka ishirini na miwili." Vijana wakacheka, wakidhani mzee anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha, na nataka kueleza kwa nini.

Kazi yangu ni kusomesha historia, na nimezoea kusoma vitabu vinavyoeleza jambo hili kwa namna moja. Zamani, vinasema, nchi zilikuwa mbali kwa sababu watu walisafiri kwa majahazi. Ikaja meli ya moshi zikakaribiana. Ikaja ndege zikawa jirani. Ni hadithi nzuri na rahisi kuisomesha, lakini kwa njia hii ya Zanzibar na Maskati si ya kweli. Ukiwauliza waliosafiri wenyewe utaona kwamba wakati ambapo Maskati ilikuwa mbali kabisa na Zanzibar haukuwa wakati wa tanga. Ulikuwa wakati wa ndege za jeti.

Hebu kwanza tuitazame njia yenyewe. Ukichukua ramani ukapiga mstari kutoka Unguja mpaka Maskati, mstari huo utafuata pwani ya Somalia, utapita karibu na Ras Asir pale kwenye pembe ya Afrika, halafu utakwenda kukutana na pwani ya Uarabuni. Yaani ndege ikienda moja kwa moja, chini yake ni takriban njia ile ile waliyopita manahodha wa Sur. Kilomita 3,900 ni kama maili za baharini 2,100. Jahazi linalokwenda maili tano kwa saa, usiku na mchana bila kusimama, litazimaliza kwa siku 17 au 18. Lakini hakuna jahazi lililokwenda bila kusimama. Kulikuwa na kutia nanga kuteka maji, kuuza na kununua, kungojea upepo. Ndiyo maana wazee wakihesabu safari hii kwa wiki, tatu au nne au zaidi.

Na upepo haukuwa ukimngojea mtu. Kaskazi ikianza kuvuma, kiasi cha mwezi wa Disemba, majahazi yanateremka na tende, chumvi na papa mkavu. Mwezi wa Aprili na Mei kusi ikianza, yanarudi na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani. Kusi ikishakomaa, mwezi wa Juni na Julai, bahari ya huko juu haiendeki. Mtu aliyechelewa kuondoka alikuwa amechelewa kwa mwaka mzima, si kwa siku. Lakini nataka tulitie maanani jambo hili: kila mtu aliijua ratiba hiyo. Mama aliyekuwa Malindi alijua mwanawe aliye Sur hatokuja kabla ya kaskazi, na kaskazi ikiingia alikuwa na haki ya kwenda bandarini kutazama. Masafa yalikuwa marefu lakini yalikuwa na mwisho unaojulikana.

Tena tusijisahaulishe. Si wote waliopita njia hii walipanda chomboni kwa hiari yao. Kwa miaka mingi majahazi hayo hayo yalichukua watu waliokamatwa bara na kuuzwa. Mkataba uliotiwa saini 1845 na kuanza kufanya kazi 1847 ulikataza kuwapeleka watumwa Uarabuni, lakini biashara ya magendo iliendelea, na ndiyo maana Seyyid Barghash akalazimishwa kutia saini mkataba mwengine 1873 wa kupiga marufuku usafirishaji wao baharini na kufunga soko la Unguja. Kwa watu hao hakukuwa na kusi wala kaskazi. Ilikuwa ni safari ya kwenda tu. Anayeandika historia ya masafa ya bahari hii akawaacha wao, ameandika nusu.

Mfano bora wa masafa ya zamani ni kifo cha Seyyid Said bin Sultan mwenyewe. Aliondoka Zanzibar 1854 kwenda kuangalia mambo ya Oman, na mwaka 1856 akawa anarudi kwa manowari yake Victoria. Hakufika. Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, chombo kikiwa upande wa Shelisheli. Ada ya mabaharia ni kwamba anayefia baharini huzikwa baharini. Yeye hakutoswa, mwili wake ulichukuliwa mpaka Unguja, na mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, akamzika usiku kimyakimya huku akijaribu kuushika ufalme kabla ya nduguye Majid. Bintiye Salme, ambaye sote tunamjua kwa jina la Emily Ruete, ameeleza habari za kifo hicho katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886. Tazameni basi: huyu alikuwa mtawala wa pande zote mbili, ana manowari zake mwenyewe, na bado bahari ilimkatalia kufika. Watoto wake wa Unguja walikuwa wanamngojea aje, wa Maskati wanadhani ameshafika, na ukweli ni kwamba alikuwa ameshafariki.

Baada ya hapo masafa yakawa siasa. Thuwaini wa Maskati alijaribu 1859 kupeleka majeshi kumwondoa Majid, Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Bara Hindi, akakata shauri kwamba ziwe nchi mbili mbalimbali, na Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Sultani mmoja akawa wawili. Lakini nataka mzingatie kwamba mtu wa kawaida hakuzuiwa. Majahazi yaliendelea kuja na kwenda kama kawaida, na mtu wa Nizwa au Ibra aliyetaka kumfuata mjomba wake Pemba alihitaji nauli na upepo tu. Hapakuwa na aliyemuuliza karatasi.

Meli za moshi zilikuja baada ya kufunguliwa Mfereji wa Suez 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden. Mwaka 1879 ukafika waya wa simu kutoka Aden, na hapo kikatokea kitu kipya kabisa: habari ikaanza kumtangulia mtu. Kabla ya waya, habari ya msiba ilikuja ndani ya chombo kile kile ambacho kingemleta mfiwa. Baada ya waya unaweza kujua leo na kufika mwezi ujao. Naomba tulishike hili, kwa sababu nitalirudia.

Ndege nazo hazikuanza kwa kuunganisha Zanzibar na Maskati. Miaka ya 1930 Wilson Airways ya Nairobi ilikuwa ikitua Unguja, na kuanzia 1946 ikawa East African Airways. Zote zilitazama bara: Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi. Upande wa pili Maskati ilikuwa na kiwanja kidogo cha Bait al Falaj, katikati ya majabali ya Ruwi. Kiwanja kikubwa cha Seeb kilifunguliwa 1973. Kwa hivyo hata miaka ya 1950, Zanzibar ina ndege na dunia nzima ina ndege, anayekwenda Maskati aliangalia bandarini, siyo Kisauni.

Halafu ikaja Januari 1964. Sikusudii kufufua ugomvi. Kila mmoja wetu ana yake kuhusu Mapinduzi yale, na wapo watakaonisoma ambao wazazi wao walikuwa upande ule na wengine upande huu. Mimi nazungumzia masafa tu. Baada ya tarehe 12 Januari 1964 njia ya Zanzibar na Maskati ilifungwa kutoka ncha zote mbili. Upande wa Zanzibar kutoka kulihitaji ruhusa, na ruhusa haikuwa rahisi. Upande wa Oman Sultani Said bin Taimur alikuwa amejifungia nchi: mwananchi alihitaji idhini yake kutoka na hata kurudi, na milango ya mji wa Maskati ikifungwa kila usiku. Watu husahau hili. Wengi waliokimbia wakidhani wanakwenda "kwao" hawakupokelewa, ndiyo maana mtawakuta wazee wetu walikaa Dubai, Kuwait, Cairo au Uingereza miaka kadhaa kabla ya kuiona Oman. Mlango ulifunguka baada ya Sultani Qaboos kushika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita waliokuwa nje warudi.

Sasa nirudi kwa ami yangu. Mwaka 1964 alikuwa na miaka 23, karani. Mwezi wa Februari alitoka Unguja kwa jahazi mpaka Mombasa, na kutoka Mombasa kwa meli mpaka Dubai. Pasi aliyokuwa nayo ilikuwa ya serikali isiyokuwepo tena, kwa hivyo hakuwa na pa kwenda zaidi ya hapo. Dubai alibeba mizigo, halafu akaandika hesabu za duka la Muhindi mmoja. Mwaka 1971 akaingia Oman kwa gari kupitia jangwani.

Mama yake, yaani bibi yangu mzaa baba, alifariki Unguja 1978. Baba aliandika barua siku ya tatu ya matanga. Kuipeleka moja kwa moja Oman aliona ni kujitafutia maneno, akaipeleka kwa jamaa Mombasa ili wao waiendeleze. Lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977 wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na barua ikazunguka. Ilimfika ami baada ya wiki sita. Wiki sita, ndugu zangu! Wakati Concorde imeshaanza kubeba abiria tangu 1976, habari ya msiba kutoka Unguja mpaka Maskati ilikwenda polepole kuliko jahazi la Sur lenye upepo mzuri.

Nilimuuliza kwa nini hakuja mapema. Kuanzia 1971 alikuwa na kazi, ana pasi mpya ya Oman, Seeb kuna uwanja wa kisasa. Alinijibu, "Mwanangu, sikuwa naogopa kuingia. Nilikuwa naogopa kutotoka." Huo ndio masafa wenyewe, na hakuna ramani inayouonyesha.

Mambo yalianza kulegea 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikafunguliwa. Mpaka wa Kenya nao ulikuwa umefunguliwa Novemba 1983. Watu wa Ghuba wakaanza kuja kutembea, mmoja mmoja, wakirudi salama na kuwahadithia wenzao. Ami akaja 1986. Njia yake ilikuwa Maskati mpaka Dubai, Dubai mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Dar es Salaam, kisha meli mpaka Unguja. Nimezijumlisha kilomita zake: kama 4,650. Yaani kuzunguka kote kule kulimwongezea kilomita 750 tu juu ya njia iliyonyooka, na siku tatu za kulala viwanjani. Masafa ya ardhi hayakuwa kitu. Kilichobaki, kutoka 1964 mpaka 1986, kilikuwa karatasi na khofu.

Mimi nilikuwa skuli bado, nikaenda na baba bandarini kumpokea. Baba alimpita. Alipita mbele ya ndugu yake wa tumbo moja, akaendelea kutafuta kwenye umati, kwa sababu alikuwa akimtafuta kijana wa miaka 23 mwenye nywele nyeusi. Ami ndiye aliyemshika mkono. Hawakusema kitu muda mrefu. Halafu ami akaomba apelekwe kaburini kabla ya kwenda nyumbani, na mizigo yake tukaiacha kwa mtu wa duka.

Hakuwa peke yake aliyechukua muda. Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliondoka siku ile ile ya Mapinduzi kwa chombo chake, akaishia Uingereza, na akaishi Portsmouth mpaka Septemba 2020 ndipo aliporuhusiwa kuhamia Oman. Alifariki Maskati tarehe 30 Disemba 2024. Kwake yeye, kutoka Zanzibar mpaka Maskati ilikuwa miaka 56. Ukipenda au usipende utawala wake, hesabu ndiyo hiyo.

Leo hii hali ni nyengine. Kwa ndege ya moja kwa moja ukiondoka Maskati saa tatu asubuhi utafika Zanzibar kama saa saba na robo mchana. Ukirudi, ukiondoka saa tisa mchana utafika saa tatu na robo usiku. Vijana huniuliza mbona kurudi ni kurefu zaidi. Si kurefu, Oman imetangulia saa moja, kwa hivyo kwenye tiketi kwenda huonekana masaa manne na kurudi masaa sita. Nyumba nyingi hapa hufunga safari ya Unguja wakati wa likizo kama vile mtu anakwenda shamba.

Je, tumekuwa jirani basi? Nitatoa ushahidi wangu mwenyewe. Mwaka 2009 mama yangu alifariki Unguja. Simu ilinifika hapa Maskati baada ya sala ya Alfajiri. Kwetu maiti hangojeshwi, na mazishi yalipangwa Adhuhuri. Ndege ya siku ile nisingeiwahi, na hata ningeiwahi ningefika kaburi limeshafunikwa. Ndugu yangu aliweka simu yake wazi makaburini, nikasikiliza nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya uwanja wa ndege. Nilisikia talakini, nilisikia majembe. Nilifika kesho yake na udongo bado mbichi.

Zamani, mtu aliye Sur aliyefiwa Unguja alijua mwezi baadaye, akasoma hitima, akashukuru. Hakuna aliyemwambia "ungeweza kuwahi". Ami yangu naye hakuweza kuwahi na alijua nani wa kulaumu. Mimi nilikuwa na pasi, nauli, ndege na simu, na nilikosa kwa masaa machache. Ule waya wa 1879 ulioanza kuitanguliza habari mbele ya mtu umefikia hapo. Sisemi kwamba zamani kulikuwa bora, Mungu atuepushe. Nasema tu kwamba masaa matano ni mengi pale usipokuwa na zaidi ya hayo.

Sasa ombi langu. Habari za majahazi zimeandikwa sana, tangu Alan Villiers aliposafiri na Waarabu wa Kuwait 1938 na 1939. Habari za mashirika ya ndege nazo zipo. Lakini miaka baina ya 1964 na katikati ya 1980, wakati njia hii ilikuwa ndefu kuliko wakati wowote, haina ratiba iliyoandikwa popote. Imo vichwani mwa watu wenye miaka 80 na zaidi, na imo ndani ya masanduku: barua zilizopitia Mombasa, pasi zenye mihuri ya nchi tatu, tiketi za ndege zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kaboni nyekundu. Ami yangu bado anayo yake ya 1986, na kila mara mjukuu wake mmoja hutaka kuitupa akidhani ni takataka.

Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani akae naye amuulize: ulipita wapi, ulilala wapi, nani alikupa karatasi, ulichukua muda gani? Muandike majibu yake na tarehe. Na kama nimekosea mahali, khasa kwenye njia za miaka ile, nisahihisheni, kwani wengine wenu mlizipita wenyewe na mimi nimezisikia tu.

Wabillahi tawfiq.